Kitambaa cha Masikio ya Ndama

Dawa ya kupe ina harufu ambayo ukishaizoea huisikii tena. Mimi naiuza. Tangu nimalize kidato cha nne niko kwenye duka la dawa za mifugo hapa Omurushaka, na kutwa nzima nashika hizo chupa, nazipanga, nazifuta vumbi, nawafungulia wafugaji wanaotaka kunusa kwanza wahakikishe si feki. Nilidhani tumeshamalizana, mimi na hiyo harufu. Halafu Jumapili moja mdogo wangu akanipigia simu kutoka shule, na kabla hatujaagana harufu ilikuwa imejaa chumbani kwangu, wakati duka limefungwa na mimi nimekaa nachambua maharage.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona simu ya matroni? Unaumwa?"

"Siumwi. Naomba lile daftari lako la bayolojia la kidato cha tatu. Mwalimu anaanza milango ya fahamu."

"Si mna kitabu?"

"Kitabu kimoja watu sita, dada. Nataka lile lenye mchoro wa sikio, wewe ulikuwaga unachora vizuri. Halafu wenzangu wanasema mada hii lazima niongoze mimi, eti nina uzoefu."

Akacheka. Asimwe anachekaga hivyo kuhusu sikio lake la kulia. Analiita sikio la likizo. Ukimwongelesha upande huo anakwambia, "Huyo yuko likizo, hamia kwa mwenzake," na watu wote wanacheka, hata padri amewahi kucheka. Mimi sijawahi. Nimejifunza tu kuuweka mdomo kama mtu anayecheka.

Nilimwambia nitalituma kwa basi. Shule yake iko Isingiro, na mabasi ya Kyerwa yanapita hapa mlangoni. Nikaenda kulitafuta daftari kwenye sanduku, nikalifungua pale kwenye sikio, nikakaa chini. Ndiyo maana naandika. Sipendi hadithi zinazozunguka, kwa hiyo naanza na ndama moja kwa moja.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu ni mbele ya Nyaishozi, ukishaacha migomba na mibuni nyuma yako, pale ardhi inapobaki majani na vichuguu tu. Mama alikuwa anakamua, Taata, yaani baba yetu, alikuwa anachunga na kuogesha. Kuogesha ilikuwa Jumamosi. Taata alikuwa anachanganya dawa kwenye ndoo, mmoja wetu anapampu bomba la mkono, yeye anapuliza: mgongo, tumbo, chini ya mkia, kwenye mapaja. Masikio aliyaacha mwisho. Alisema kupe mjanja hakai mgongoni, anakaa ndani ya sikio, ambako ulimi wa ng'ombe haufiki. Sasa ndama ukimpulizia bomba sikioni anaruka, anaweza kukuvunja taya. Kwa hiyo ndama ilikuwa ni kitambaa. Unakichovya kwenye ndoo, unakikamua kidogo, unakizungushia kwenye kidole, unaingiza, unapangusa mpaka kwenye kona za ndani kabisa.

Hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kama kumi na kidole changu kilikuwa chembamba. "Kemi ana mkono mwepesi," Taata alikuwa anawaambia wageni. "Ndama wenyewe wanamletea sikio." Taata hakuwa mtu wa kusifu. Mkeka ukiusuka vizuri anaukalia tu. Sasa kusikia ananisifu mbele ya watu, mimi ningepangusa masikio ya ng'ombe wa wilaya nzima bila kula.

Asimwe alikuwa na miaka sita, hajaanza shule. Alikuwa ananifuata kila ninapokwenda, nikimfukuza anakaa chini hapo hapo anangoja nirudi. Tulikuwa na mahali petu. Mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, tulikuwa tunaingia kwenye kibanda cha ndama, tunalala kwenye nyasi kavu, vichwa vyetu juu ya matumbo yao. Tumbo la ndama lina joto, na ukiweka sikio unasikia maziwa yanavyotembea. Asimwe alikuwa anapenda hilo kuliko kitu chochote. Alikuwa anaweka sikio la kulia, anafumba macho, ananisimulia anachosikia. "Sasa yanashuka. Sasa yamekwama. Sasa yanasema *gwi*." Mama alikuwa amekataza. Alisema humo kuna kupe kama mchanga, na yeyote atakayemkuta ndani atamchapa mpaka fimbo ichoke.

Siku moja Asimwe akaniambia, "Dada, kuna mtu anatembea sikioni."

Nilimvuta nje kwenye jua, nikalivuta sikio lake nyuma kama ninavyowavuta ndama, nikachungulia. Mbali ndani, pale mwanga unapoishia, niliona mgongo wa kijivu. Nilijua ni nini. Mtoto wa kwetu hawezi kukosea kupe.

"Usimwambie Mama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Atajua tunalala na ndama. Huyu akishiba ataanguka mwenyewe."

Na hilo ni kweli, kwa ng'ombe. Kupe ananyonya, anavimba kama mbegu ya nyonyo, akishiba anajiachia. Nilikuwa nimewaona maelfu. Kwa hiyo tulingoja. Naandika "tulingoja" lakini aliyekuwa anangoja ni yeye, mimi nilikuwa nacheza. Siku ya kwanza alisema kupe anakwaruza. Siku ya pili alisema anapiga ngoma. Alikuwa anatikisa kichwa kama ng'ombe, anajipiga upande wa pili kwa kiganja ili kupe adondoke. Hakula. Mama alimuuliza ana nini, akanitazama mimi kwanza, akajibu, "Sina kitu."

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi.

Taata alimaliza ng'ombe wakubwa akaenda kunawa. Mimi nikamaliza ndama. Nilibaki na kitambaa mkononi, kimelowa, na ndoo ina dawa kidogo chini. Nyuma ya kibanda Asimwe amekaa ameegemea ukuta, ameshika sikio, machozi yanatoka bila sauti. Nataka mjue nilichofikiria, kwa sababu watu wakisikia wanadhani nilikuwa nachezea. Sikuwa nachezea. Nilifikiria: hii kazi naijua. Nilifikiria hata jinsi Taata atakavyosema akija kujua, miaka mingi baadaye, nikiwa mkubwa.

"Njoo nikutoe huyo kupe."

"Itauma?"

"Ndama wanalia?"

"Ndama hawajui kuongea."

"Wanalia au hawalii?"

"Hawalii," akasema, akalaza kichwa kwenye mapaja yangu.

Kidole hakikuingia. Sikio la mtoto si la ndama, hilo nililigundua hapo. Basi nikachukua kijiti, nikazungushia ncha ya kitambaa, nikachovya tena kwenye ndoo kwa sababu niliona dawa ni kidogo. Nikaingiza, nikazungusha, nikasukuma. Yeye alijikaza. Nilihisi kitu laini, nikadhani ndiye yeye, nikasukuma tena. Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Nilimziba mdomo. Nilimziba kwa mkono ule ule wenye dawa.

Kijiti kilitoka na damu kidogo sana, kama ukijichoma na mwiba.

Baada ya hapo akalala. Alilala mchana ule wote mpaka jioni, mdomo wazi, mate yanatoka, ukimwita anafungua macho yanapotea tena. Mama alisema ni malaria, akampangusa kwa maji. Mimi nilikaa karibu yake nina furaha. Niliona kupe amekufa ndiyo maana mtoto amepata usingizi. Sasa hivi nauza dawa hii, nimesoma maandishi yote kwenye chupa, yale madogo pia, na najua usingizi ule ulikuwa nini. Kuna siku nikisoma yale maandishi lazima niende nyuma ya duka nisimame kidogo.

Asubuhi aliamka. Kwenye shuka kulikuwa na kupe amekauka. Nilimwonyesha, tukampeleka jikoni tukamtupa kwenye makaa, akapasuka *pa*, kama wanavyopasukaga. Asimwe alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Sitasema," akaniambia, bila mimi kumwomba.

Baada ya siku chache sikio likaanza kutoa uchafu. Mwanzo maji, halafu usaha wa njano, unanuka. Mimi nikaona ni kupe anaoza, mabaki yake yanatoka, na kadiri yanavyotoka ndivyo anavyopona. Kwa hiyo nilikuwa nachungulia kila siku na kufurahi ukiwa mwingi. Mama naye alifanya kile ambacho mama yake alimfanyia, na bibi yake, na kila mama wa kwetu: samli. Alikuwa anachukua samli safi, ya maziwa ya Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu, anaipasha kwenye kijiko mpaka iwe vuguvugu, anaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, halafu anamdondoshea Asimwe matone matatu na kuziba kwa pamba. Kila jioni. Alikuwa anamwimbia huku anadondosha. Na mimi nilikuwa nashika kijiko.

Miezi ilienda. Usaha unakauka, unarudi. Na Asimwe akaanza kuwa na kiburi. Hivyo ndivyo tulivyoona. Unamwita hageuki. Unamtuma chumvi anakaa. Ukimfuata na kumshika bega anashtuka, anasema, "Mbona hukuniita?" Mama alisema huyu mtoto amekuwa na kichwa kigumu kama cha baba yake. Mimi nilimpiga. Nilimwita mara tatu nikiwa nyuma yake, alipokataa kugeuka nikamchapa na fimbo ya ng'ombe kwenye miguu, akalia, akasema hajasikia, nikamchapa tena kwa kudanganya.

Iliyomaliza ubishi ilikuwa jioni ng'ombe wanarudi. Asimwe alikuwa amechuchumaa njiani anachimba kitu kwa kijiti. Kundi likaja nyuma yake linakimbia, kuna kitu kiliwashtua, na pembe za kwetu mnazijua zilivyo ndefu. Nilipiga kelele, "Asimwe, toka!" Akasikia. Alisimama, akageuka, akatazama upande ambao hakukuwa na kitu. Nikaita tena, akageuka upande mwingine, bado siyo. Alikuwa anazunguka pale katikati ya njia kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni, anatafuta sauti yangu inatoka wapi, na mimi nilikuwa namwona na yeye angeweza kuniona kama angetazama mahali sahihi. Taata alimfikia kabla yao. Alimrusha kwenye majani na yeye mwenyewe pembe ikamchana shati.

Taata alikaa chini muda mrefu. Halafu akamshika Asimwe kichwa, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akamwambia jina lake kwenye la kulia. Akasema tena kwa nguvu. Asimwe alikuwa anatazama mdomo wake tu, anatabasamu, anangoja aanze kuongea.

Kesho yake Mama alitupeleka kituo cha afya, mimi nilikwenda kwa sababu Asimwe alikataa kwenda bila mimi. Nesi alitoa pamba, akainusa, akamgeukia Mama.

"Mmeweka nini humu?"

"Samli, nesi. Kidogo tu."

"Samli. Nani kawaambia sikio ni sufuria? Kila siku tunaongea, kila siku. Mafuta, maziwa, mkojo wa ng'ombe, sijui majani, mnajaza tu. Mtoto ana usaha miezi yote hii unampikia sikioni?"

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alitazama chini. "Nisamehe," akasema, kama aliyeharibu kitu cha nesi.

Daktari alikuwa kijana na hakuwa mkali. Alichungulia kwa kitu chenye taa, akachungulia tena. Halafu akatueleza, polepole, na anamwangalia hata Asimwe. Alisema ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba iliyokazwa, kama ngoma, na sauti ikiigonga ndiyo unasikia. Alisema ngozi hiyo ya Asimwe ina tundu. Alisema sikio halihitaji kusafishwa ndani, ile nta inatoka yenyewe, na kwamba hakuna kitu cha kuingiza humo, si kijiti, si unyoya, si mafuta. Mdudu akiingia mlete mtoto hapa, usimtoe mwenyewe. Usaha ukianza, mlete wiki hiyo hiyo. Wakati wa kuoga aweke pamba yenye mafuta ya mgando kwenye mlango wa sikio, maji yasiingie, na usaha muukaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara nyingi kwa siku, kikilowa unatupa.

Aliposema kitambaa nilikuwa mlangoni. Nilitamani mlango unifunike.

"Mbali na samli," akauliza, "kuna kitu kingine kiliingia? Nisaidie mama, ili nijue."

"Hakuna," Mama akasema. "Ni samli tu. Ni mimi."

Daktari akamwinamia Asimwe. "Na wewe mrembo, uliingiza kitu? Mtu alikuingizia kitu?"

Asimwe alinitazama. Alikuwa na miaka sita na nusu. Nilikuwa na sekunde kama tano, na nilizitumia zote kutazama bango la chanjo ukutani.

"Hakuna," akasema.

Baadaye walituandikia twende Bukoba, hospitali kubwa, akapimwe. Tulipanda basi Omurushaka, Asimwe akatapika njia nzima. Kule walimkalisha kwenye chumba kidogo, wakamvalisha vitu masikioni, wakamwambia akisikia mlio anyooshe mkono. Mimi na Mama tulikuwa upande wa pili wa kioo. Nilijua ni mtihani. Niliona mpimaji anabonyeza, na Asimwe amekaa tu, na nikaogopa atafeli, kwa hiyo kila mpimaji akibonyeza mimi natikisa kichwa, na Asimwe ananiona, ananyoosha mkono. Alikuwa anapata zote. Nilikuwa nalia kwa furaha. Mpimaji akageuka, akanikuta.

"Binti," akasema, "hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Ukimsaidia hivyo unamnyima."

Alimgeuza kiti, Asimwe akatupa mgongo. Na mkono haukunyanyuka tena kwa sikio lile. Alibonyeza mara nyingi sana. Nilikuwa naangalia kisogo chake na visuko viwili nilivyomsuka asubuhi, na mkono uko kwenye paja, umetulia, unangoja.

Daktari wa Bukoba alisema tundu ni kubwa na ndani zaidi nako kumeharibika, huko hakuzibiki. Tundu lenyewe linaweza kuzibwa kwa upasuaji, Mwanza, likishakaa kavu muda mrefu. Mama akauliza, "Ni samli, daktari?" Akajibu kwamba kwa sasa huwezi kujua ni nini. Inaweza kuwa ni kitu kilichoingia, inaweza kuwa ni usaha wenyewe, inaweza kuwa ni vyote. Mama hakusikia hapo. Alisikia samli.

Mwanza hatujaenda. Kwanza sikio lilikataa kukauka. Halafu ukaja mwaka wa ukame, tukazika ng'ombe. Halafu Asimwe mwenyewe akasema basi, amezoea.

Kitu ambacho sikukijua kwamba kitanitesa ni Mama. Aliacha kutengeneza samli. Kwetu, nyumba ya ng'ombe, hakuna samli. Na akaanza kusimama kwenye jumuiya, na kliniki ya watoto, na kwenye misiba, akiona mama ana mtoto mwenye pamba sikioni anamfuata. "Mimi nina binti," anamwambia. "Sikio lake nililiua kwa mikono yangu hii, kwa samli. Mpeleke hospitali leo." Hasemi kwa kulia, anasema kama mtu anayesoma tangazo. Na wanaenda. Kuna watoto wa Nyaishozi wanaosikia leo kwa sababu ya huo ushahidi wake. Sasa wewe ungefanya nini? Nilikuwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tano, na kila mwaka naiona kazi ya kumwambia inakuwa kubwa zaidi.

Nilipofika kidato cha tatu mwalimu alichora sikio ubaoni. Njia, ngozi ya ngoma, vile vifupa vitatu, na kile kitu kama konokono. Nilikuwa nimezoea kuchora haraka kuliko wenzangu. Ile siku nilikuwa wa mwisho. Kwenye daftari langu, chini ya majina yote, nilichora mshale wa ziada kwa kalamu nyekundu, kuelekea kwenye ngoma, nikaandika kwa herufi ndogo: *Hapa ndipo nilipofika na kijiti.* Nikafunga. Sikulifungua tena, mpaka Asimwe aliponipigia.

Kwanza nilichana ukurasa. Nilichana vizuri, kwa rula. Lakini madaftari haya yameshonwa katikati, ukitoa ukurasa mmoja mwenzake unalegea, na mwenzake ulikuwa una jicho. Nikawa nimeshika sikio mkono mmoja na jicho mkono mwingine, na nikaona upumbavu wangu, kwa sababu kitabu cha watu sita nacho kina mchoro huo huo, na Asimwe si mjinga. Atakaa darasani, ataona njia inavyoingia na ngoma ilipo, na atakumbuka mapaja yangu na kijiti. Yeye alikuwepo. Nikaurudisha ukurasa mahali pake, nikalifunga daftari kwa mpira, Jumanne nikampa konda wa basi la Kyerwa.

Jumapili simu ikaita.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

Nilikuwa nasikia wenzake wanagombania zamu ya simu nyuma yake.

"Mshale wako umeuchora vibaya," akasema. "Umeishia kwenye njia. Ngoma iko ndani zaidi."

"Asimwe."

"Nilikuwa najuaga, dada. Si kwamba sikujua. Ila nilikuwa nadhani wewe ulisahau."

Nilisema pole, na neno lenyewe nikaliona halina uzito wowote, dogo kama la mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

"Mimi sina shida na wewe," akasema. "Uliniona naumia, ukafanya unachokijua. Lakini Mama. Likizo iliyopita nilikwenda naye kliniki, akasema tena ile habari ya samli mbele yangu. Mimi nimenyamaza tangu nikiwa na miaka sita. Nimechoka. Mwambie."

"Nitamwambia nikienda."

"Unaenda lini?"

"Mwezi ujao."

"Dada, wewe huwa huna subira na kitu chochote, hata chai hungoji ipoe. Hili tu ndilo una subira nalo." Halafu akasema zamu yake imeisha.

Jumatatu dukani kulikuwa na watu, watu wa mnada walikuwa wanapita. Aliingia mzee mmoja, fimbo begani, akataka dawa ya kupe chupa kubwa. Nilimwekea, nikamwambia maneno ninayomwambia kila mteja: vaa glovu, mabaki usimwage mtoni, weka mbali na watoto, na isifike masikioni mwao.

Akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamsikia huyu binti? Nani huyo chizi wa kumwekea mtoto dawa ya ng'ombe sikioni?"

"Mimi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mzee alinitazama, akaiweka chupa chini taratibu kama imekuwa nzito.

"Akafa?"

"Hapana. Yuko shule, Isingiro. Hasikii upande mmoja."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi."

"Na mama yenu anasemaje?"

Nikamwambia hajui. Hakunilaumu wala kunifariji, alichukua chupa yake lakini hakutoka. Alisogea pembeni akasimama pale na wenzake, wanangoja, kama watu walioambiwa kuna kesi. Na mimi nikaona kama nisipopiga sasa hivi, nikiwa nimeshalisema mara moja na ulimi haujakauka, nitafika miaka arobaini na bado ni mwezi ujao. Nikachukua simu. Iliita kidogo tu.

"Kemi, mwanangu," Mama akapokea. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia, ilikuwa saa ya kuwanywesha maji.

"Mama, shikamoo. Nataka kukwambia kitu. Kuhusu sikio la Asimwe."

"Nini? Ongea kwa nguvu, niko hapa na ng'ombe, sisikii."

Watu wanne walikuwa wamesimama dukani. Nikaongea kwa nguvu.